Hongera kwa Wanaobisha Hodi

Mwezi wa pili, Goweko, wilayani Uyui mkoani Tabora, kote ni kijani, na ndipo njaa inapouma. Mahindi bado machanga shambani, michembe ya viazi imekwisha ghalani, na mkulima wa tumbaku hana la kuuza hadi masoko yafunguliwe. Bibi anayelea wajukuu hatakwambia kuwa jana hawakupika. Atakukaribisha kigoda, akuulize habari za nyumbani.

Ndiyo maana nawapongeza wanaobisha hodi kwake: wanakamati wa vijijini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mpango wa mfuko huo wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza mwaka 2012, hutoa fedha, si magunia. Fedha hizo ndizo zinazogeuka unga na maharage. Majina hupendekezwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu wote, kisha kaya huhojiwa. Hapo wanakamati hawa, majirani tu wasio na mshahara, hubeba lawama ambazo hazimfikii ofisa wa wilaya. Aliyekosa huwasubiri kisimani. Mwenye ng'ombe hununa.

Nawasifu zaidi kwa kazi isiyoandikwa popote: kumfuata mzee asiyeweza kufika mkutanoni, kumsomea fomu polepole, kumkumbusha mama siku ya kliniki ili malipo yasikatwe, kumpelekea asiye na simu habari kwamba siku ya malipo imesogezwa. Uyui ina vijiji vilivyo mbali na reli. Masika baiskeli hubebwa begani kuvuka mbuga. Wanastahili mabuti ya mvua, na posho inayofika kwa wakati.