Pongezi kwa Washauri wa Masomo ya Ng'ambo

Miongoni mwa watumishi wa elimu wanaostahili shukrani zetu, ambao aghalabu hawatajwi siku ya mahafali, ni washauri wa vyuo vikuu wanaowaongoza wanafunzi wa sayansi na uhandisi kwenda kusoma ng'ambo. Kazi yao yataka subira na maarifa, kwa kuwa masomo ya uhandisi hufuatana daraja kwa daraja, na anayekosa somo moja la msingi katika muhula wa ugenini huenda akachelewa mwaka mzima kuhitimu. Kwa hiyo mshauri mwaminifu huketi na mitalaa ya vyuo viwili, akilinganisha mada kwa mada na saa za maabara kwa saa za maabara, hata apate yakini kwamba masomo hayo yatahesabiwa mwanafunzi arejeapo. Na kwa Mtanzania anayekusudia shahada kamili, humhimiza aulize mapema iwapo Tume ya Vyuo Vikuu itaitambua, na iwapo Bodi ya Usajili wa Wahandisi itamkubali kwayo. Hiyo ni ihsani kubwa. Enyi wazazi na wanafunzi, waendeeni washauri hawa kabla ya kulipa ada yoyote, wala msione haya kuuliza.