Jalada, Ngozi za Kilatini na Hukumu ya Karatasi Kuukuu

Ipo hoja inayopendwa na baadhi ya masheikh wetu: kwamba Wazungu walivikatakata vitabu vyao vya kale kwa dharau, ilhali Waislamu walivihifadhi vyao kwa heshima. Hatukubaliani nayo.

Nusu ya kwanza ina ukweli. Uchapaji ulipoenea, na nchi kadhaa za Ulaya zikaacha ibada ya Kilatini katika karne ya 16, vitabu vya ngozi vilivyoandikwa kwa mkono vilikosa kazi. Ngozi ni imara, basi wajalidi wakaikata kukazia migongo ya vitabu vipya. Huko Uswidi watumishi wa mfalme waliifungia madaftari ya kodi, na hifadhi ya nyaraka ya Stockholm ina kurasa za namna hiyo zaidi ya 20,000.

Kasoro imo katika nusu ya pili. Ibn al-Hajj, mwanachuoni wa Kimaliki aliyefariki Misri mwaka 737 Hijria (1336 Miladia), anamuonya mjalidi katika al-Madkhal azitazame karatasi anazozigandisha ndani ya jalada, zisije zikawa na Aya, Hadithi au jina tukufu. Mwanachuoni hamuonyi fundi juu ya jambo asilolitenda mtu.

Ama heshima yenyewe, as-Suyuti anaeleza katika al-Itqan kuwa kurasa za msahafu zilizochakaa huoshwa kwa maji au huchomwa, kwa kutegemea kitendo cha Sayyidna Uthman (r.a.). Mahanafi wao huona zizikwe. Hukumu hiyo ni ya kuulinda msahafu usikanyagwe. Huku kwetu Kiomboi, wala si Kiomboi pekee, imepanuliwa hata ikafunika kila karatasi yenye herufi za Kiarabu: barua, wasia, hati za deni, hata Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo. Qiyasi hii haina illa ya pamoja. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara imeamrisha deni liandikwe. Vipi basi hati ichomwe kabla ya kusomwa, na huenda ndani yake imo haki ya mayatima?

Natija ni kwamba dharau ya wale imehifadhi, na heshima yetu imeteketeza. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Cork, Ayalandi, kilitangaza ukurasa wa ngozi wa karne ya 15 uliotolewa katika mgongo wa kitabu cha Kilatini kilichochapwa London miaka ya 1530. Ulikuwa sehemu ya Qanun ya Ibn Sina, kwa lugha ya Kiayalandi! Kumbe tabibu yule alisomwa hata huko, na shahidi ni kipande alichokishonea mjalidi.

Je, tupasue majalada yetu? La. Kitabu cha waqfu hakiharibiwi kwa kutarajia kilichomo ndani. Wataalamu wa Leiden, Uholanzi, wameweza kusoma maandishi yaliyofunikwa kwa mionzi ya eksirei bila kupasua kitu, ingawa jalada moja huweza kuchukua saa 24. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imekwisha kupigwa picha, na hiyo ni kazi njema, lakini picha haioni ndani ya jalada. Kwetu sisi tusio na mitambo hiyo, jalada lililoachana lenyewe kwa mchwa au unyevu ndilo la kutazamwa, na litazamwe na mtu anayesoma Kiarabu, kabla ya kiberiti.