Koni ni Rahisi, Kazi Iko kwa Kocha

Tawanya koni uwanjani, kila moja uipe jina la hatari: wapenzi wengi kwa wakati mmoja, ngono bila kondomu, pombe, mpenzi aliyekuzidi umri kwa mbali. Gawa vijana timu mbili, washindane kukokota mpira kupita katikati ya koni hizo. Raundi ya kwanza, anayegusa koni anapiga pushapu peke yake. Raundi ya pili, timu yake yote inapiga naye. Raundi ya tatu uwanja mzima unashuka chini, hata wale waliokuwa wanaongoza.

Mchezo huu ni wa Grassroot Soccer, shirika lililoanzia Bulawayo, Zimbabwe, mwaka 2002. Miongoni mwa waasisi wake ni daktari Tommy Clark na Methembe Ndlovu, wote wawili waliowahi kuvaa jezi ya Highlanders, klabu ya mji huo. Wakati huo UKIMWI ulikuwa unaua watu wengi Zimbabwe, wanasoka wakiwemo.

Siri iko kwenye mpangilio wa raundi. Ya kwanza inafundisha tahadhari tu, na hilo hata bango la zahanati linaweza. Ya tatu inaleta hasira: mbona niadhibiwe kwa kosa la mwingine? Hapo ndipo somo linapoanza. Kocha aliyefunzwa vizuri hakimbilii kujibu. Anawakalisha, anauliza: mtu akiugua nyumbani, nani anaacha shule? Nani anauza mbuzi? Nani anamlea mtoto? Vijana wanajibu wenyewe, kwa sababu mengi wameyaona kwao.

Lakini mchezo huohuo una hatari. Pengine katika kundi lile yumo mtoto aliyezaliwa na VVU. Kocha asiye makini atamwacha aondoke akiamini kwamba yeye ndiye aliyewaponza wote. Kwa maoni yangu, afadhali mchezo usichezwe kabisa kuliko kuchezeshwa na mtu aliyesoma maelekezo asubuhi hiyo.

Kocha mwenyewe ni kijana wa mtaa uleule, aliyewatangulia kwa miaka michache. Hawasahihishii mitihani, wala hana sababu ya kuwashtaki kwa wazazi. Katika mafunzo anaandaliwa kusimulia mkasa wake mwenyewe, wa kweli.

Uzito wa ukaribu huo ulionekana Bulawayo, katika utafiti wa kuhamasisha tohara uliohusu shule za sekondari 26. Majaribio ya Orange Farm, Kisumu na Rakai yalikuwa yameshathibitisha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke. Tatizo lilikuwa kuwafikisha vijana kliniki. Shule zikapangwa kwa bahati nasibu, nyingine zianze, nyingine zisubiri zamu. Walioanza walipata kipindi cha saa moja: mchezo wa mpira, mazungumzo, na kocha aliyetahiriwa akieleza bila kuficha maumivu yalikuwaje na kidonda kilipona vipi. Baadaye kocha aliwapigia simu waliotaka, akawasindikiza hadi kliniki. Waliotahiriwa katika kundi hilo walikuwa takriban mara 2.5 ya wale wa shule ambazo zilikuwa bado zinasubiri zamu yao. Hata hivyo walio wengi hawakwenda, na hilo lisemwe pia.

Saa moja ya mchezo inamfanya kijana aseme ndiyo. Kati ya ndiyo hiyo na mlango wa kliniki kuna woga, kuna nauli, kuna utani wa wenzake. Umbali huo anauvuka na kocha.

Mashirika mengi yanapoiga kazi hii hununua koni na jezi kwanza, kocha wanamtafuta mwishoni, ajitolee bure. Anayeandaa mradi wa namna hii Mbagala au Kibera aanze upande wa pili: amchague kocha, amfunze, amlipe posho ya uhakika na vocha ya simu, kisha ahakikishe bado yupo na vijana walewale mwaka unaofuata. Mpira utapatikana.