Kikundi cha WhatsApp kisiwe kibao kipya cha kumwaibisha mwanafunzi

MIAKA michache iliyopita nilianzisha kikundi cha WhatsApp kwa ajili ya wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza waliokuwa wakisomea ualimu wa lugha. Azma yangu ilikuwa njema: wafanye mazoezi ya kuzungumza Kiingereza nje ya ukumbi wa mihadhara, kwa jumbe za sauti, pasi na kushurutishwa.

Wiki ya pili, binti mmoja alitamka neno kwa lafudhi ya lugha yake ya kwanza. Mwenzake akatuma kikatuni cha kicheko. Wengine wakafuata, moja baada ya jingine. Nami, badala ya kuwakanya, nikamsahihisha yule binti papo hapo, hadharani. Hakuzungumza tena. Baada ya siku mbili akajiondoa kikundini.

Tukio hilo hunijia kila nisikiapo wenzangu wakiisifu mitandao ya kijamii kana kwamba ni dawa ya kila ndwele katika ufundishaji wa lugha. Sikatai kwamba ina manufaa. Mwanafunzi asiye na mtu wa kuzungumza naye Kiingereza nyumbani anaweza kumpata huko. Hata hivyo, chombo hakifundishi. Anayefundisha ni mwalimu anayejua chombo chenyewe kinafaa wapi na kinapwaya wapi.

Kwanza, kuandikiana si kuzungumza. Mazungumzo yana kupokezana zamu, kukatizana, kusitasita na kuomba ufafanuzi. Anayeandika ana muda wa kufuta, na simu yenyewe humsahihishia tahajia. Hata ujumbe wa sauti unaweza kurekodiwa mara kumi kabla ya kutumwa. Hiyo ni hotuba fupi, si mazungumzo. Dell Hymes alipojadili umilisi wa kimawasiliano katika miaka ya sabini, alitukumbusha kwamba kujua lugha ni pamoja na kujua nani aambiwe nini, lini na vipi. Ujuzi huo hupatikana watu wanapojibizana moja kwa moja.

Pili, kuna suala la hofu. Stephen Krashen alieleza katika miaka ya themanini kwamba wasiwasi na haya humzuia mwanafunzi kunufaika na lugha anayoisikia. Sisi Wakenya tunalijua hilo vyema. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu kuikomboa akili, alisimulia jinsi wanafunzi walionaswa wakizungumza Gĩkũyũ walivyovikwa kibao shingoni. Wakati ule aliyeaibishwa alionwa na shule yake. Leo kicheko kinahifadhiwa simuni na kusambazwa kwa watu wasiomjua. Je, tumekitupa kibao kile, au tumekihamishia tu mtandaoni?

Tatu, mfumo wetu wenyewe hauthamini mazungumzo. Katika mtihani wa KCSE, stadi za kusikiliza na kuzungumza Kiingereza hutahiniwa katika karatasi ya kwanza, kwa kalamu! Mtahiniwa huandika jinsi ambavyo angetamka na jinsi ambavyo angejibu. Si ajabu basi kwamba tunaowapokea vyuoni wamepata alama nzuri ilhali hawawezi kujieleza kwa dakika tano.

Tufanyeje? Kikundi cha watu 60 ni baraza, si darasa la mazungumzo. Wagawe wanafunzi wanne wanne, wapigiane simu kwa dakika kumi wakiwa na jambo la kweli la kuamua: mathalani, namna ya kugawana kodi ya chumba. Makosa yanayojirudia yajadiliwe darasani bila kumtaja mtu. Lafudhi isiwe kosa maadamu msemaji anaeleweka. Hatufunzi watoto wa London. Aidha, asiyeweza kununua bando asiachwe nyuma. Mazungumzo yale yale yanaweza kufanyika chini ya mti.

Haya yote yanahusu Kiswahili vilevile. Wapo wanafunzi wanaochekwa kwa sababu ya lafudhi zao za bara, na wanaocheka mara nyingi ni sisi tunaojiita mabingwa.

Yule binti nilimwomba radhi baadaye, ana kwa ana. Alinijibu kwa Kiingereza, polepole, kwa lafudhi ile ile. Nilimwelewa kila neno.