Mlio wa Bangili Hautoi Daraja la A

Video ya ile bangili ya kijani iliyopimwa kama jadeiti dukani Kilimani imeshafika kwenye simu ya kila anayeuza au kununua mawe mjini Nairobi, kwa hiyo siisimulii upya. Mpimaji alikosea. Aliitundika bangili kwenye uzi, akaigonga kwa nyingine, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akamwambia mnunuzi, "Mama, hii ni A, beba." Mama akafungua mkoba.

Ukaguzi wa tochi na lenzi ya mara kumi uliotangulia ulikuwa safi.

Tuuangalie huo mlio, kwa sababu naona wengi wameusifu. Bangili huchongwa kwenye kipande kimoja cha jiwe, na adui wake mkubwa ni ufa unaokata upana wa duara. Ukiigonga ikatoa sauti kali inayochelewa kuisha, umejua kwamba punje za jiwe zimeshikana na ufa mkubwa haupo. Hapo ndipo mlio unapofika. Haukuambii jiwe ni gani. Kwatzi iliyotiwa rangi hulia ikiwa nzima, na kioo hulia pia. Jadeiti iliyoloweshwa kwenye asidi ikatolewa madoa, kisha ikajazwa plastiki kwenye vinyweleo, hutoa sauti butu ikiwa imeliwa sana na asidi. Ikiwa imeliwa kidogo, hulia vizuri tu. Sikio lilikuwa na heshima yake kabla plastiki hiyo haijaenea sokoni miaka ya 1980. Mpimaji wetu anafanya kazi leo, na alipaswa kulijua hilo kuliko mama aliyemlipa.

Na hiyo A yenyewe! Nimelalamika kuhusu jambo hili mara nyingi na nitaendelea. Mitaani kwetu, kuanzia Biashara Street hadi maduka ya Hurlingham, A inatangazwa kana kwamba ni alama ya mtihani. Kwa jadeiti, A maana yake jiwe halikuguswa, isipokuwa kung'arishwa na kupakwa nta juu. B limesafishwa kwa asidi na kujazwa plastiki. C limetiwa rangi. Kuna A yenye rangi ya tope ambayo hakuna atakayeigeukia, na kuna B inayometa kuliko zote kabatini. Anayesema A anatoa ushahidi kuhusu yale yaliyofanyiwa jiwe, na ushahidi huo hutafutwa kwa mashine ya miale ya infraredi, ambayo huionyesha plastiki iliyofichwa ndani. Pale dukani hapakuwa na mashine hiyo. Kwa hiyo neno A halikuwa la mtu yeyote aliyesimama kwenye kile chumba kulitamka.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hata jina la jiwe lilikuwa halijathibitishwa, na vifaa vilikuwa mezani. Simamisha video anapopima uzito: mizani inasoma gramu 60, na kando yake kuna glasi ya maji. Bangili iliyokwisha kufungwa uzi ingetundikwa kwenye mizani na kuzamishwa kwenye chombo kipana. Jadeiti ya gramu 60 hupoteza takriban gramu 18 majini. Nefriti, ambayo ni jade halali lakini ni madini mengine na kwa kawaida bei yake ni nyingine, hupoteza kama 20. Kwatzi hupoteza karibu 23, na sapentini hupita hapo kidogo. Ni kazi ya dakika chache. Badala yake alisoma uzito wa hewani, akauandika, akaiacha nusu ya kipimo ambayo ndiyo ingesema kitu.

Maji nayo yana mpaka wake. Ile ganeti ya kijani inayouzwa kwa jina la jade ya Transvaal, ambayo si jade kamwe, inaweza kukaribia sana uzito wa jadeiti. Hapo unahitaji refraktometa, kifaa cha kupima jinsi jiwe linavyopinda mwanga: jadeiti husoma karibu 1.66, ganeti hiyo hupanda hadi karibu 1.72. Inauma kuona Mkenya akidanganywa kwa ganeti yenye jina la kukopa, wakati ganeti ya kijani ya Taita Taveta, ambayo mwanajiolojia Campbell Bridges aliihangaikia hadi kampuni ya vito ya Tiffany ikaitangaza kwa jina la tsavoriti mwaka 1974, inasimama kwa jina lake yenyewe.

Enzi hizo watu walijua kunyamaza. Mwaka 1967 Manuel d'Souza, fundi cherehani wa Arusha aliyekuwa pia mtafuta madini, alipata mawe ya buluu huko Mererani. Alidhani ni olivini, baadaye akadhani ni dumortieraiti. Mawe yakamfikia John Saul, mwanajiolojia aliyefanya kazi hapa Nairobi, ambaye baadaye aligundua rubi za Tsavo. Saul alikataa dumortieraiti, akakataa na kordieraiti. Kisha akaishia hapo. Hakubuni jina la kumridhisha mtu. Aliyatuma kwa baba yake New York, yakapelekwa maabara ya GIA, taasisi ya vito ya Marekani, na huko ndiko yalikotambuliwa kuwa zoisaiti. Dunia sasa inayaita tanzanite. Mtu mwenye jicho la kuipata rubi porini alikubali kusema "bado", na mpimaji mwenye uzi na bangili mbili akashindwa.

Ni ugonjwa uleule wa Maasai Market, ambako mti mwepesi unapakwa rangi ya viatu na kuuzwa kama mpingo. Mpingo halisi huzama. Ndoo moja ya maji ingemaliza mabishano, lakini ndoo siioni kwenye meza hata moja.

Mpimaji angeweza kusema hivi: bangili haina ufa ninaouona, uzito wake majini unaelekea jadeiti, kuhusu asidi na plastiki sijui. Maneno hayo yasingevunja biashara. Mama angelipa arubuni, angedai risiti yenye maandishi "jadeiti asilia, haijatiwa asidi, plastiki wala rangi", pamoja na haki ya kurudishiwa pesa zote maabara ikikanusha, na aliyeuza angesaini. Kama malipo yote hayajakamilika, bado anaweza kuidai risiti hiyo, na muuzaji atakayeikataa ajulikane kwa wenzake wote wa mawe kuanzia Westlands hadi Moi Avenue.