Nani Aliharibu Maji ya Zibahkhana?

Kibanda cha video ninachokienda kiko huku Majengo, Pumwani, hatua chache kutoka mahali mihogo inapokaangwa jioni. Benchi tano, pazia jeusi mlangoni, kiingilio shilingi 20. Kijana anayekiendesha anajifunza kutafsiri filamu kama DJ Afro, na kusema kweli bado. Sauti anayo, mapafu pia anayo, shida yake ni kwamba anapenda kuua watu kabla filamu haijawaua.

Nilimpelekea Zibahkhana kwenye flashi nikamwambia ni filamu ya mazombi kutoka Pakistan, ya Kiurdu. Akaniangalia kama mtu niliyemletea skumawiki za jana. Lakini siku hiyo hakuhangaika sana. Wazee wa benchi ya mbele, waliokulia kwenye filamu za Kihindi, walianza kudaka maneno wenyewe. "Paani," mmoja akasema, "ni maji hayo." Kiurdu na Kihindi cha sinema ni ndugu wa tumbo moja, na sisi nasi tuna undugu na Kiurdu kupitia Kiarabu. Dunia yao ni dunia yetu, kitabu chao ni kitab, shetani wao ni shaitan. Hata jina la filamu, ambalo maana yake ni machinjioni, lina mzizi uleule uliotupa neno dhabihu.

Filamu ilitoka 2007. Mwelekezi wake ni Omar Ali Khan wa Islamabad, jamaa anayejulikana kwa mkahawa wake wa aiskrimu kama anavyojulikana kwa mapenzi yake ya filamu za zamani za kutisha, na aliiandika pamoja na Mwingereza Pete Tombs. Hadithi yenyewe unaijua hata kama hujaiona. Vijana watano wanawadanganya wazazi wao, wanapanda gari kama zile Nissan za matatu za kitambo, wanaelekea kwenye konsati ya roki. Wanaacha barabara kuu. Giza linaingia. Wanakutana na watu ambao si watu tena. Aliyetazama *The Texas Chain Saw Massacre* ya 1974 atajua deni lilikopwa wapi, na Khan halifichi. Sina tatizo na hilo. Mtaani kwetu hakuna anayeulizwa mandazi amejifunza kwa nani.

Mimi nilichokipenda ni dakika za mwanzo, kabla ya damu. Khan anawajua wale vijana. Wanachanganya Kiurdu na Kiingereza ndani ya sentensi moja, na ukisikiliza vizuri unamjua mwenye pesa na asiye nazo kwa namna anavyochanganya, sawa kabisa na hapa, ambapo Sheng ya mtu wa Lavington na yetu zinakutana kwenye maneno na kuachana kwenye mdundo. Simon ni Mkristo, tena familia yake haina kitu. Ayesha anamdanganya mama yake huku akimtazama usoni, na uongo ule ulinichoma kuliko kitu chochote kilichofuata. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kwa miezi minne nilikuwa nikitoka nyumbani asubuhi na begi mgongoni kana kwamba naenda lekcha. Najua uso wa mtu anayedanganya mama.

Halafu kuna muuza chai. Vijana wanasimama kwenye kibanda chake barabarani, na mzee yule anawaonya kwamba huko mbele ni jehanamu. Wanamcheka. Aliyeigiza mzee huyo ni Rehan, yule aliyekuwa profesa mnyonya damu katika *Zinda Laash*, filamu ya Lahore ya 1967 iliyomchukua Dracula na kumhamishia Pakistan. Yaani aliyekuwa jini la filamu miaka 40 nyuma ndiye sasa anawauzia watoto chai na kuwaambia wageuze gari. Sijui kama kuna salamu nzuri zaidi ya hiyo kwa mwigizaji mkongwe. Kijana wetu wa kibanda hakujua haya, kwa hivyo mzee alipotokea akamfanya mganga kutoka Tanga. Manze, hata hiyo ilikubali.

Sasa mazombi. Walitoka wapi? Filamu inasema ni maji. Maji ya eneo lile yamechafuka, watu wakayanywa, wakawa hivyo. Hilo limewekwa pale mwanzoni, na nilipoliona nilikaa wima. Nikasema hapa kuna filamu. Kwa sababu mazombi wa Marekani mara nyingi wanaletwa na virusi au na kitu kisichoelezwa, lakini hawa walifanya jambo la kawaida tu ambalo wewe na mimi tulifanya asubuhi: waliteka maji wakanywa. Wanapotokea gizani, wengi wao wamevaa nguo za kazi za watu wa mashambani. Ni wanakijiji. Kama ungepita hapo mwaka mmoja kabla, wangekukaribisha chai.

Na hapo ndipo Khan anaponiudhi. Maji anayasahau. Mazombi wanamuuma kijana mmoja, OJ, anaanza kuugua, basi, kazi yao imekwisha. Filamu inageuka, inamleta Baby, pande la mtu ndani ya burqa nyeupe iliyolowa damu, anayezungusha rungu la chuma lenye miiba kwenye mnyororo. Kuanzia hapo ni mbio na mayowe msituni hadi mwisho. Mbio zenyewe ni nzuri, sikatai. Baby akitembea polepole kati ya miti, vazi likipepea, ni picha ambayo haitoki kichwani.

Lakini ile picha haikuniingia kama pengine ilivyowaingia watu wa Islamabad. Kule, nadhani, burqa ni vazi lililotundikwa nyuma ya mlango wa shangazi, na Khan anataniana na watu wa nyumbani kwake. Hapa mimi nimekaa Pumwani. Aprili 2014, kwenye ile operesheni ya Usalama Watch, polisi walipita Eastleigh na mitaa jirani, maelfu ya watu wakakamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Wiki hizo nyanya yangu, anayevaa buibui na nikabu tangu kabla sijazaliwa, alipanda matatu kwenda kuona mgonjwa. Alipoketi, abiria wa pembeni yake akashuka. Hakusema kitu, alishuka tu, gari likiwa bado linaenda taratibu. Nyanya alisimulia kisa hicho mara moja na hakukirudia.

Kwa hiyo Baby alipotokea niligeuka kutazama benchi ya nyuma walikokaa wasichana wawili wenye hijabu. Walikuwa wanacheka mpaka machozi. Nikaona nimejibebesha hasira ambazo sikutumwa.

Nikafanya jambo ambalo mhakiki mwenye akili hafanyi: nikaipeleka laptopu nyumbani nikamwonyesha nyanya mwenyewe. Sehemu za matumbo kumwagika nilizirusha, nina adabu. Alimtazama Baby kwa makini kama fundi cherehani anayekagua kazi ya mwenzake. "Huyu hajazoea kuvaa," akasema. "Tazama anavyojikwaa kwenye pindo." Hakutishika hata kidogo. Kisha, dakika kama kumi baadaye, wale watoto wakiwa wanafukuzwa, akauliza: "Mjukuu wangu, na yale maji, aliyeyaharibu ni nani?"

Nikamwambia filamu haisemi.

"Basi hawajamaliza," akasema, akaondoka kwenda kuswali.

Sijasoma uhakiki wa Zibahkhana unaoipiku sentensi hiyo. Filamu imeketi ndani ya gari pamoja na vijana watano. Tunawajua majina, mama zao, siri zao. Walio nje ya gari hawana jina hata mmoja, na maradhi yao yanahesabika tu pale yanapomfikia mtoto wa mjini. Mtu wa Pumwani anaujua mtazamo huo, maana mtaa wenyewe ulizaliwa ndani yake. Serikali ya kikoloni iliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja pa kuhesabika, na mojawapo ya hoja zilizopigiwa debe enzi hizo za kutenga watu ilikuwa afya. Hofu ilikuwa ya maradhi yetu kuvuka kwenda kwao. Nani aliyetuletea maradhi, hilo halikuwa swali la mkutano.

Unaweza kunijibu kwamba ni filamu ya kutisha tu, buda, tulia. Sawa. Lakini kuna mtu aliyelifanya, tena kwa pesa za kuokoteza. Mnigeria C.J. Obasi alitoa *Ojuju* mwaka 2014, ambapo mtaa wa mabanda wa Lagos una chanzo kimoja cha maji, chanzo hicho kinachafuka, watu wanageuka. Pale hakuna gari. Hakuna wageni waliopotea njia. Walioambukizwa ni majirani wenye majina, na anayewakimbia amekua nao, anajua nani alimkopesha nini. Ojuju ina kasoro zake, sauti mahali pengine inakwaruza masikio na katikati inajikokota. Kwa ufundi wa picha Zibahkhana inaishinda asubuhi na mapema. Ila nilipomaliza Ojuju nilisimama kuangalia mtungi wetu wa lita 20 jikoni, na nilipomaliza Zibahkhana niliangalia kama mlango umefungwa.

Itazame, hata hivyo. Itazame kwa ajili ya Rehan na chai yake, na ule uongo wa Ayesha, na Baby msituni. Kama unaweza, itazame mahali penye kelele.

Maana jioni ile kibandani, kijana wetu alifika kwenye mazombi na filamu ikawa haijampa maneno ya kutosha. Akajaza mwenyewe. Akasema hawa watu wamekunywa maji ya mto, kiwanda kimoja kule Inda kimemwaga sumu usiku. Mzee wa benchi ya mbele akamkatiza papo hapo. Mto unaopita Inda ni Ngong, akasema, wetu wa hapa Gikomba ni Nairobi River, na uchafu wake unatoka juu, oili ya magereji ya Grogan. Mwingine akasema si oili, ni vyoo. Mama wa mihogo akachungulia kupitia pazia na kusema tangu lini vyoo peke yake, njooni mwone rangi ya huo mto saa hizi. Kijana akagandisha picha ili asikilize. Kwenye skrini zombi mmoja alibaki na mdomo wazi, mkono umenyooshwa, na hakuna aliyemwangalia kwa karibu robo saa.