Jogoo Kwenye Tangi: Uhakiki wa Pikipiki Mpya Zenye Sura ya Kale

Nyumbani kwetu Kilembe kuna picha ya babu ambayo mama huifuta vumbi kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Babu amesimama mbele ya nyumba za wafanyakazi wa mgodi, mkono mmoja umeshika usukani wa pikipiki ndogo aina ya BSA Bantam. Nyuma ya picha pameandikwa kwa wino: 1964. Picha ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi ya pikipiki hatuijui, lakini jogoo aliyechorwa kwenye tangi anaonekana vizuri, kifua mbele, kama mwenye nyumba.

Picha hiyo ndiyo iliyotuletea ubishi. Mwaka huu kaka yangu anataka kubadilisha pikipiki. Aliyonayo ni Boxer iliyopanda na kushuka barabara ya Kasese hadi Kilembe mpaka mita yake ikaacha kuhesabu. Tumeweka akiba pamoja kwa miaka mitatu, na shangazi yetu wa Bwera, anayeuza maharage katika soko la mpakani Mpondwe, ameahidi kutuongezea kutoka katika kikundi chake cha akiba. Kaka hataki Boxer nyingine. Anataka pikipiki "yenye sura", yaani mojawapo ya zile mpya zinazoundwa zifanane na za enzi za babu: taa ya mviringo, tangi lenye umbo la tone la maji, bomba la moshi linalong'aa. Mimi nikaambiwa kwamba, kwa kuwa ndiye msomi wa ukoo, nizisome na kutoa maoni.

Basi nimezisoma kwa njia niliyofundishwa kusoma riwaya: nimetazama fani, nikatazama maudhui, kisha nikauliza kama vinaoana. Msomaji asinicheke. Pikipiki hiyo ndiyo inayolipa ada yangu ya chuo, na uhakiki ukikosewa hapa hautaishia kwenye alama ndogo.

Nianze na Bantam yenyewe. BSA, kiwanda cha Birmingham nchini Uingereza, kilianza kuiuza mwaka 1948. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 123 tu, ya kuchanganya petroli na oili, na gia zake tatu. Hata ramani yake haikuwa ya Waingereza. Ilitoka kwa DKW ya Ujerumani, ikachukuliwa kama fidia baada ya vita. Jina lilitokana na kuku wadogo wanaoitwa hivyo kwa Kiingereza, na ndiyo maana ya jogoo. Huko Uingereza posta iliitumia kupeleka simu za maandishi. Wakulima waliipenda, mafundi waliipenda, vijana maskini waliianzia. Haikuwa pikipiki ya fahari. Ilikuwa nyepesi, rahisi kutengeneza, na ilikwenda kazini kila asubuhi. Babu aliinunua kuukuu kwa msimamizi mmoja Mzungu wa mgodi aliyekuwa akirudi kwao, akaitumia kwenda zamu ya usiku.

Sasa tuzitazame hizi mpya. Mwaka 2025 jina la Bantam limerudi. BSA ilikufa katika miaka ya 1970, na mwaka 2016 jina lake lilinunuliwa na kampuni ya Mahindra ya India. Bantam ya leo ina injini ya sentimita za ujazo 334, inayopozwa kwa maji, na uzito wake unazidi sana ule wa mama yake. Ni pikipiki nzuri kwa macho. Kaka aliponionyesha picha yake kwenye simu nilinyamaza kidogo, maana jina la babu lilikuwa limeandikwa pale, nami si jiwe. Lakini nilipojiuliza ni nini kilichorithiwa, nilipata jina na umbo tu. Wepesi haukurithiwa, wala urahisi wa kuifungua kwa spana mbili kando ya barabara, wala bei ya mfanyakazi.

Triumph wa Uingereza wamekwenda mbali zaidi katika jambo hili. Bonneville yao ya kwanza ilitoka mwaka 1959 na ilikuwa kweli pikipiki ya mbio za siku zile. Ilirudishwa mwaka 2001. Baadaye sheria za moshi zilipowalazimisha kuacha kabureta na kutumia mfumo wa elektroniki wa kunyunyiza mafuta, wahandisi waliuficha mfumo huo ndani ya viboksi vilivyoundwa vifanane na kabureta. Nilisoma habari hiyo mara mbili nikidhani nimekosea. Yaani kuna kabureta isiyo kabureta! Na Bonneville zilizofuata, tangu mwaka 2016, zinapozwa kwa maji, ilhali silinda zake bado zimepambwa kwa mapezi kama zile zilizokuwa zikipozwa kwa upepo. Katika darasa la ushairi mhadhiri wetu angeliita jambo hili vina vilivyolazimishwa: kinachotafutwa ni mlio, maana itajijua.

Sisemi kwamba mapambo ni dhambi. Waendesha bodaboda wa Kasese hufunga shanga za plastiki kwenye spoki na kuandika majina ya watoto wao kwenye madigadi. Kazi ya bodaboda ni ngumu, ina vumbi na matusi, na mtu anayo haki ya kutazama kitu kizuri anapokisubiri kituo chake kipate abiria. Kaka aliniambia jambo ambalo sijaweza kulijibu vizuri mpaka leo: "Ninyi mnataka niendeshe kitu kibaya kwa sababu mimi ni maskini." Kwa hiyo sikupima kama pikipiki imepambwa au la. Nilipima kama pambo hilo linadai jambo ambalo pikipiki yenyewe hailitimizi.

Kwa kipimo hicho, Royal Enfield Classic 350 ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu karibu ifaulu. Historia yake si ya kufufuliwa. Kiwanda cha Redditch huko Uingereza kilifungwa, lakini tawi la Madras nchini India, lililoanza mwaka 1955 kwa kuunganisha Bullet za jeshi, halikuacha kufanya kazi. Waliendelea kutengeneza pikipiki ileile kwa miaka mingi bila kujua kwamba siku moja ingeitwa mtindo. Ni kama bibi aliyehifadhi gauni lake sandukuni mpaka wajukuu wakaliona kwenye magazeti. Classic ya sasa, iliyotoka mwaka 2021, ina injini ya sentimita za ujazo 349, nguvu za farasi 20 tu, na inapozwa kwa upepo na oili. Mapezi yake yana kazi. Nguvu yake ya kuvuta inafika kileleni injini ikiwa bado inazunguka polepole, mizunguko 4,000 kwa dakika, na hiyo ndiyo tabia ya injini za zamani kweli. Kwa mlima kama wetu, tabia hiyo ni ya thamani. Hapa fani na maudhui vinasalimiana.

Lakini ina kilo 195. Boxer ya kaka ikianguka kwenye matope juu ya Kilembe, huiinua peke yake na kuendelea. Zaidi ya hayo, katika toleo hilo la 2021 waliondoa kiki. Pikipiki yenye sura ya mwaka 1950 haina chombo ambacho pikipiki za mwaka 1950 zisingeweza kuishi bila hicho! Betri ikifa ukiwa Kyarumba saa tatu usiku na gunia la kahawa nyuma, uzuri wa tangi hautakuwasha. Nilimpelekea fundi wetu wa Kasese maelezo ya mfumo wake wa mafuta. Alisikiliza kwa adabu, akauliza spea zitatoka wapi, kisha akarudi kwenye kabureta aliyokuwa akiisafisha kwa mswaki.

Mswaki huo ulinifundisha zaidi ya kurasa zote nilizosoma. Boxer, ambayo kaka anaiona haina sura, ndiyo yenye kabureta ya kweli, kiki ya kweli, injini inayopozwa kwa upepo na springi mbili nyuma. Iliundwa na Bajaj ya India katika ushirikiano wake na Kawasaki ya Japani, miaka mingi iliyopita, na kimsingi haijabadilika sana. Kila kitu ambacho wanunuzi wa London wanalipia kiigizwe, sisi tunacho, na hatukiiti mtindo. Tunakiita pikipiki. Inapeleka ujumbe, wagonjwa, kahawa, wanafunzi na majeneza. Mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013 na tena mwaka 2020, ukabeba madaraja na kuiharibu hospitali yetu ya Kilembe, vitu vyepesi vya aina hii ndivyo vilivyopita mahali ambapo gari halikupita. Kama swali ni nani mrithi wa Bantam ya babu, basi kwa maoni yangu ni huyu hapa, anayenuka petroli nje ya mlango wetu, wala si yule aliyebeba jina.

Ningeweza kuishia hapo, na insha ingependeza. Lakini kuna jambo moja linaloniharibia hoja, nami sitaki kulificha ndani ya kabureta ya uongo.

Mwaka 2023 Triumph walitoa pikipiki iitwayo Speed 400, yenye sura ya kale na injini ya sentimita za ujazo 398. Anayeiunda ni Bajaj, katika kiwanda chake cha Chakan karibu na Pune. Ndiyo, Bajaj yuleyule wa Boxer. Speed 400 ina breki za diski mbele na nyuma, pamoja na mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge mtu anapobana breki ghafla. Nchini India sheria inataka mfumo huo kwa kila pikipiki mpya inayozidi sentimita za ujazo 125, tangu mwaka 2019. Boxer nyingi ninazoziona Kasese na Bwera, hata zile za 150, zina breki za ngoma mbele na nyuma. Kampuni ni moja, mikono inayojua kutengeneza ni ileile, lakini anayekwenda kutembea Jumapili huko Ulaya amepewa sura ya zamani na breki za leo, na anayebeba abiria wawili kushuka kutoka Kilembe wakati wa mvua amepewa zamani yote, pamoja na breki zake.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimeanza kuisifu Boxer kwa sababu zilezile ambazo mtalii hupigia picha nyumba zetu za mgodi. Uzamani wa Classic 350 umechaguliwa. Wa Boxer, kwa sehemu kubwa, ni wa kutopewa kingine. Kabureta inayosafishwa kwa mswaki ni hekima, nakubali. Breki ya ngoma iliyojaa maji si hekima. Mhakiki anayevichanganya viwili hivyo kwa jina la "uhalisia" hajawahi kukaa nyuma ya kaka yangu kwenye kona ya daraja, mwezi wa tano, akisikia gurudumu la nyuma likiteleza pembeni.

Tulikutana Bwera Jumamosi iliyopita ili tuamue. Nilimweleza shangazi yote haya, nikafupisha habari za Birmingham. Kaka akamwonyesha picha ya Bantam mpya. Shangazi aliitazama kwa muda, akaikuza kwa vidole viwili.

"Huyu jogoo ni mzuri, mwanangu," akasema. "Lakini jogoo hatagi."

Kaka akacheka, ingawa hakupenda. Kisha shangazi akanigeukia mimi na kuniuliza kama hizo breki za diski zinaweza kupatikana kwenye pikipiki ya kazi, kwa sababu yeye hatoi pesa za kikundi kwa kitu kisichosimama. Nikamwambia kwamba zipo pikipiki za kazi zenye diski ya mbele, za Bajaj na za wapinzani wake TVS, ila ni lazima mtu aziulizie, na bei yake hupanda kidogo. Akasema basi muulizie, na kilichopanda ataongeza yeye.

Ndivyo tulivyokubaliana: pikipiki ya kazi, yenye kiki, kabureta na diski mbele. Hata kama itabidi tungoje mwezi mzima, hatuchukui ya ngoma. Kuhusu sura, kaka ameweka sharti moja, na hakuna aliyempinga. Ameichukua picha ya babu na kumpelekea mchoraji wa mabango mjini Kasese, yule anayeandika majina kwenye madigadi, amchore jogoo kwenye tangi siku pikipiki itakapofika. Mchoraji ameuliza jogoo awe wa rangi gani. Mama anasema alikuwa mwekundu. Shangazi anasema babu hakuwahi kuiosha ile pikipiki kiasi cha mtu kujua.